Sindano moja au mbili: kati ya Ervebo na Zabdeno/Mvabea, chanjo ipi ya Ebola inakufaa?

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni dereva wa lori. Hupakia mzigo bandarini Dar es Salaam, akavuka Rusumo, akaikata Rwanda na kwenda kushusha Goma. Juzi alinipigia simu akiwa maegeshoni, injini zikinguruma nyuma yake. Madereva walikuwa wanabishana. Mmoja alichanjwa Ebola kwa sindano moja huko Beni, mwingine alipata sindano mbili Gisenyi, na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo chanjo yenyewe. "Dada, wewe ndiye unayeshinda na sindano," akaniambia. "Mimi nichanje ipi?"

Mimi ni muuguzi hapa Kagera na kazi yangu ya kila siku ni chanjo. Nilimjibu kwa maneno machache kwa kuwa salio lilikuwa linakata, lakini swali lake limenikaa kichwani. Najua si yeye peke yake anayeliuliza. Wanaliuliza wauguzi wenzangu wa ng'ambo ya mpaka, wanaliuliza akina mama wanaobeba nyanya na samaki kati ya Gisenyi na Goma kila asubuhi, wanaliuliza pia ndugu walioko ughaibuni wanaotaka kwenda kuwaona wazee Kivu. Basi nimeona nilijibu kwa kirefu.

Chanjo zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni Ervebo, ya kampuni ya Merck, inayochomwa mara moja tu. Ya pili ni ya Janssen, kampuni iliyo chini ya Johnson & Johnson, nayo ni ya sindano mbili zenye majina mawili: unaanza na Zabdeno, na baada ya wiki nane unapata Mvabea. Zote mbili zimeidhinishwa Ulaya, Ervebo mwaka 2019 na ile nyingine 2020, na zote zimepitishwa na Shirika la Afya Duniani, WHO. Hakuna ya magendo hapo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyemaliza kusoma aondoke nao: Ebola ikiwa imefika jirani, chukua Ervebo, usingoje nyingine. Ebola ikiwa mbali na una wiki nane za kutulia, zote mbili zinazungumzika, na hapo ndipo hali ya mwili wako na ratiba ya maisha yako vinapoanza kuamua.

Kwanza uliza: ni Ebola gani?

Swali hili linarukwa sana, na linaponza. Ebola zipo za aina kadhaa. Chanjo hizi mbili zinakinga dhidi ya aina moja, ile ya Zaire, iliyojulikana kwa mara ya kwanza Yambuku mwaka 1976 na kupewa jina la mto Ebola ulio kaskazini mwa Kongo. Ndiyo iliyoiliza Guinea, Sierra Leone na Liberia kuanzia mwishoni mwa 2013. Ndiyo iliyokaa Kivu Kaskazini na Ituri tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, ikapata watu 3,470 na kuua 2,287. Ndiyo iliyozuka Bulape, Kasai, mwaka 2025.

Lakini ile ya Mubende, Uganda, mwaka 2022, ilikuwa aina ya Sudan. Ya Kampala ya Januari 2025 nayo ilikuwa ya Sudan. Na ugonjwa uliotupiga sisi hapa Kagera mwaka 2023, ukarudi Januari 2025, na ule ulioingia hospitali za Rwanda Septemba 2024, ulikuwa Marburg, ndugu wa Ebola lakini si Ebola. Kwa hayo yote, Ervebo haikufai na Zabdeno/Mvabea haikufai. Uganda ilipopata mlipuko wa Kampala, ilianza ndani ya siku nne jaribio la chanjo nyingine kabisa, wakaliita Tokomeza. Rwanda nayo ilijaribu chanjo ya Marburg kwa wahudumu wake wa afya. Hizo ni habari nyingine na wakati wake utafika.

Naligusia hili kwa sababu wapo wanaosoma karatasi ya Mvabea, wanaona imetajwa Marburg na Sudan ndani yake, wanafurahi kwamba wamepata tatu kwa moja. Ni kweli Mvabea imebeba vipande vya virusi hivyo. Lakini Zabdeno inayoitangulia haina, na kibali kilichotolewa ni cha Ebola ya Zaire tu. Usiende Mubende ukajiona umejikinga.

Zilivyoundwa, na kwa nini moja inatosha nyingine haitoshi

Zote mbili ni chanjo za kirusi mbebaji. Wataalamu huchukua kirusi kisichotusumbua, wakakipachika jeni ya Ebola, ile inayotengeneza protini ya ganda la nje. Mwili ukiiona protini hiyo unajifunza kuitambua, na siku Ebola yenyewe ikibisha hodi inakuta askari wameshapewa picha. Ndani ya kichupa hakuna kirusi kizima cha Ebola. Narudia, kwa sababu nimeulizwa hili mara nyingi kuliko jambo lolote: huwezi kuambukizwa Ebola na chanjo hizi, maana kilichomo ni vipande tu, na kipande hakiwezi kuzaa ugonjwa.

Tofauti iko kwa mbebaji. Ervebo imetumia kirusi cha mifugo kiitwacho VSV, kinachowatoa malengelenge mdomoni ng'ombe, farasi na nguruwe. Wanasayansi wa maabara ya taifa ya Kanada iliyoko Winnipeg walikivua ganda lake na kukivika la Ebola, jeni yake ikiwa imetoka kwa Ebola iliyolipuka Kikwit mwaka 1995. Kirusi hiki kiko hai. Kikishaingia mwilini kinazaana kwa muda mfupi kabla kinga haijakizima. Mwili unaona kishindo kikubwa, unajibu kwa kishindo, na dozi moja inatosha.

Zabdeno imetumia adenovirusi namba 26, wa ukoo wa virusi vya mafua, aliyenyofolewa uwezo wa kuzaana. Anaingia kwenye seli, anakabidhi ujumbe, na safari yake inaishia hapo. Mbebaji huyuhuyu ndiye aliyetumika kwenye chanjo ya korona ya Janssen, ile tuliyoanza nayo Tanzania Julai 2021, kwa hiyo wengi wetu tumekwisha kutana naye. Mvabea inatumia mbebaji mwingine kabisa, MVA, kirusi cha jamii ya ndui kilichodhoofishwa kwa kukuzwa zaidi ya mara 500 kwenye seli za viinitete vya kuku mpaka kikasahau namna ya kuzaana ndani ya binadamu. Wakazi wa Goma wanamjua hata kama hawajui jina lake: chanjo ya mpox waliyoanza kuchanjwa Oktoba 2024 imetengenezwa kwa MVA huyohuyo. Ila tusichanganye. Aliyechanjwa korona au mpox hajachanjwa Ebola, kwa sababu tarishi ni yuleyule lakini barua ni nyingine.

Na kwa nini sindano mbili zisiwe za mbebaji mmoja? Kwa sababu mwili haujifunzi kuitambua Ebola tu, unamtambua na tarishi. Akirudi yuleyule unamzuia mlangoni kabla hajakabidhi kitu. Wakaona bora barua ileile iletwe na tarishi mgeni. Ni ufundi mzuri sana kitaalamu, na naupenda. Gharama yake ni wiki nane.

Ushahidi uko wapi

Hapa chanjo hizi hazilingani, na sitaki kuzilinganisha kwa lazima ili nionekane sina upande.

Ervebo imepimwa ndani ya mlipuko wenyewe. Mwaka 2015 nchini Guinea ilijaribiwa kwa kuchanja kwa mduara: akipatikana mgonjwa, wanatafutwa wote waliomgusa na wote waliowagusa hao, wanachanjwa. Miduara mingine ilichanjwa papo hapo, mingine ikasubiri siku 21. Kwa waliochanjwa papo hapo, kuanzia siku ya kumi na kuendelea, hakuna hata mmoja aliyeugua. Kwa waliosubiri, waliugua 16. Kisha ikaja Kivu na Ituri, ambako walichanjwa watu zaidi ya 300,000, katikati ya vita, wahudumu wakishambuliwa. Takwimu za huko zilipochambuliwa zilionyesha ufanisi wa asilimia 84 kuanzia siku ya kumi baada ya sindano. Ni chini ya ile asilimia mia ya Guinea, nami naiamini zaidi kwa sababu imetoka kwenye hali halisi ya watu wanaohamahama na kujificha.

Kuna namba moja ya Kivu ambayo kwangu ina uzito kuliko hizo zote. Wapo waliochanjwa na bado wakaugua, wengine kwa sababu kirusi kilishaingia kabla ya sindano. Katika wagonjwa waliofika vituo vya matibabu, wasiochanjwa walikufa asilimia 56. Waliochanjwa walikufa asilimia 25. Yaani hata sindano iliyochelewa ilipunguza vifo kwa zaidi ya nusu. Anayekwambia "nimeshamgusa mgonjwa, chanjo itanisaidia nini tena" mpe namba hiyo.

Zabdeno/Mvabea haijapata nafasi ya kupimwa hivyo. Kibali chake kilitolewa kwa kupima kingamwili, wale askari wa mwili wanaoitambua Ebola, kwenye damu ya watu na kuzilinganisha na zile zilizowakinga nyani waliopewa Ebola maabara. Ni njia halali, kwa kuwa huwezi kumwambukiza mtu makusudi ili ujaribu chanjo, na mlipuko hauji kwa kuitwa. Usalama wake umejaribiwa kwa upana, hata kwetu: Mwanza, Nairobi na Uganda walishiriki majaribio ya mwanzo ya chanjo hii, kama vile Kilifi ilivyoshiriki yale ya mwanzo ya Ervebo. Lakini swali "je, ilizuia Ebola pale Ebola ilipokuwepo?" kwa Ervebo lina jibu, kwa hii halina.

Uwanja mmoja umezikutanisha ana kwa ana. Ni jaribio la PREVAC, lililofanyika Guinea, Liberia, Mali na Sierra Leone, matokeo yake yakatoka 2022. Baada ya miezi 12, watu wazima waliokuwa bado na mwitikio wa kingamwili walikuwa asilimia 76 kwa waliopata Ervebo moja na asilimia 41 kwa waliopata Zabdeno na Mvabea. Kwa watoto pengo lilikuwa dogo: 87 kwa 78. Kingamwili kwenye damu si kinga yote, na mtu mwenye chache anaweza kuwa na kumbukumbu nzuri mwilini. Hilo limeonekana Kambia, Sierra Leone, ambako waliochanjwa zile mbili walipewa Zabdeno ya kuongeza nguvu miaka miwili baadaye, na ndani ya siku 7 kingamwili zao zikapanda sana. Kwa hiyo mwili haukuwa umesahau. Ila angalia kinachotakiwa hapo: sindano ya tatu, tena kabla hujakutana na ugonjwa.

Siku kumi kwa wiki nane

Ebola hujificha mwilini kati ya siku 2 na 21 kabla ya kujitokeza. Ukiiweka namba hiyo pembeni ya wiki nane za kusubiri Mvabea, hesabu inajijibu. Ndiyo maana maelekezo ya Zabdeno/Mvabea yenyewe yanasema si ya kutumika pale kinga inapohitajika haraka. Ghala la dharura la dunia lililoanzishwa Januari 2021 kwa lengo la kuweka dozi 500,000, na lililoko Uswisi, limejengwa juu ya Ervebo. Mlipuko ukitokea wilayani kwako, hiyo ndiyo itakayoshushwa kwenye ndege.

Wiki nane ni muda mrefu kuliko unavyosikika. Goma imetuonyesha. Chanjo ya Janssen ilipelekwa huko Novemba 2019, ikaanzia Majengo na Kahembe, baada ya mvutano mkali serikalini: waziri wa afya aliyekuwa akiipinga, Oly Ilunga, alikuwa ameshajiuzulu Julai, na usimamizi wa vita dhidi ya Ebola ulikuwa mikononi mwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, mmoja wa wale waliokuwepo Yambuku 1976. Watu zaidi ya 20,000 walichoma sindano ya kwanza. Waliofika ya pili hawakufikia nusu. Korona ilikuwa imeingia, mipaka imefungwa, watu wametawanyika kutafuta riziki. Maelfu walibaki na nusu ya chanjo.

Ng'ambo ya pili ya mpaka uleule, Rwanda iliendesha mpango wake kwa chanjo hiyohiyo kuanzia Desemba 2019, hasa Rubavu na Rusizi, ukiitwa Umurinzi, yaani mlinzi. Waliochanjwa walivuka 200,000 na wengi mno walirudi kwa sindano ya pili. Watu walifuatiliwa mmoja mmoja mpaka wakatimiza. Kwa hiyo sisemi sindano mbili haziwezekani. Nasema zinategemea kama anayekuchanja ana uwezo wa kukutafuta, na kama wewe unapatikana.

Mdogo wangu hapatikani. Wiki nane kwake ni safari kadhaa za kwenda na kurudi, na siku ya kurudi kituoni itamkuta Morogoro au Kigali. Habari njema kwa wanaofanana naye ni kwamba ukichelewa Mvabea hauanzi upya. Unapewa siku yoyote utakayotokea, hata muda ukiwa umepita. Ila mpaka hapo ulikuwa unatembea na kinga nusu.

Kichupa, kofia na friji

Hili ni la wauguzi, wengine wanaweza kuruka. Ervebo hukaa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Ikishatoka na kuyeyuka, friji ya kawaida ya nyuzi 2 hadi 8 inaitunza kwa siku 14 tu, na hairudishwi kwenye barafu. Zabdeno nayo inahifadhiwa kwa kugandishwa, lakini ikitolewa inaweza kukaa kwenye friji yetu ya chanjo miezi 8, Mvabea mwezi 1. Kwa zahanati ya kijijini isiyo na mashine kubwa za baridi, hiyo ni tofauti ya maana. Guinea na Kongo waliishinda kwa madumu maalumu yanayoshika baridi ile kwa siku kadhaa bila umeme, yakabebwa kwa gari, pikipiki na mguu. Inawezekana, ila inataka watu na fedha.

Ervebo ni mililita 1 msulini, juu ya mkono. Zabdeno na Mvabea ni nusu mililita kila moja. Kofia ya kichupa cha Zabdeno ni nyekundu, ya Mvabea ni njano. Nyekundu kwanza, njano baadaye. Nimezoea kuwafundisha wanafunzi wasome jina kwa sauti kabla ya kuvuta dawa kwenye sirinji, hata kama rangi wanaiona.

Mwilini utasikia nini

Zote mbili huleta maumivu pale palipochomwa, uchovu, kichwa, misuli kuuma. Ervebo ni kali zaidi kwa homa na maumivu ya viungo, na wachache hupata viungo kuvimba kabisa. Katika majaribio ya mwanzo huko Geneva zoezi lilisimamishwa kwa muda kwa sababu ya viungo, dozi ikapunguzwa, kisha likaendelea. Kwa kawaida homa huja siku ya kwanza au ya pili na kuondoka yenyewe.

Homa hiyo kwa msafiri si jambo dogo. Fikiria dereva amechanjwa Jumatatu asubuhi, Jumanne yuko Rusumo kwenye foleni, anaelekezewa kipimajoto usoni, kinasoma 38.4. Wakati wa mlipuko, hapo unawekwa kando na maswali yanaanza. Ushauri wangu kwa wanaosafiri: chanjwa siku ambayo mbele yake kuna mapumziko ya siku mbili tatu, na kadi ya chanjo iwe pamoja na pasipoti, usiiache chini ya kiti cha lori. Homa ikizidi siku chache, au ikiwa uligusana na mgonjwa, usiitupie chanjo lawama. Nenda ukapimwe. Na mwambie mpimaji kuwa umechanjwa, kwa sababu vipimo vinavyotafuta protini ya ganda la Ebola au kingamwili zake vinaweza kusoma chanjo vikadhani ni ugonjwa.

Kwa kuwa Ervebo iko hai, ina masharti ambayo ile nyingine haina. Kirusi chake kinaweza kuonekana kwenye damu, mkojo na mate kwa siku kadhaa. Usitoe damu kwa wiki 6. Kama nyumbani kuna mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, jihadhari na majimaji ya mwili wako yasimguse kwa muda huohuo. Wafugaji nao: damu na majimaji yako yasifike kwa ng'ombe na nguruwe kwa wiki 6, maana asili ya mbebaji huyu ni huko. Mwanamke anashauriwa asishike mimba kwa miezi 2 baada ya sindano.

Mzio nao una sura mbili. Ervebo ina protini iliyotengenezwa kwa mpunga, kwa hiyo aliyewahi kupata mzio mkali wa mchele aseme kabla. Mvabea, kwa kuwa imepitia seli za kuku, inaweza kuwa na mabaki ya protini za kuku au yai, pamoja na chembe za dawa ya jentamaisini. Ni wachache wanaohusika, lakini hao wachache ndio ninaowauliza kila siku.

Basi nani achukue ipi

Aliyemgusa mgonjwa, anayeishi naye, aliyeosha maiti, jirani yao na muuguzi aliyewapokea: Ervebo, leo. Hapa hakuna la kulinganisha.

Muuguzi, daktari, mfagiaji wa wodi na mchimba kaburi katika wilaya za Kongo ambako Ebola hurudi mara kwa mara: Ervebo pia, hata kabla ya mlipuko. Ukiwa umeshazingirwa na wagonjwa huna wiki nane, na hao ndio hufa mwanzo. Sierra Leone ilianza Desemba 2024 kuwachanja wahudumu wake walio mstari wa mbele kwa Ervebo bila kungoja Ebola irudi. Natamani kuona hivyo Ituri na Kivu nzima.

Anayeishi na virusi vya Ukimwi na anatumia dawa vizuri, au mwenye ugonjwa au tiba inayoshusha kinga: hapa naipa nafasi ya kwanza Zabdeno/Mvabea kama muda upo, kwa kuwa wabebaji wake hawazaani, na imejaribiwa kwa watu wenye virusi vya Ukimwi walio kwenye dawa, wakiwemo wa Kenya na Uganda. Muda ukiwa haupo, kaa na daktari mpime hatari mbili: ile ya kirusi hai kilichodhoofu, na ile ya Ebola inayoua zaidi ya nusu ya wasiochanjwa. Mara nyingi mizani italalia upande wa kuchanjwa.

Mama mjamzito. Mwanzoni mwa mlipuko wa Kivu wajawazito na wanyonyeshao walinyimwa Ervebo kwa tahadhari, na wakawa wanatazama majirani zao wakichanjwa huku wao wakibaki bila kinga. Katikati ya 2019 wakaruhusiwa, na WHO inashauri wapewe nafasi ya kuchagua wakati wa mlipuko. Mjamzito akipata Ebola mimba haisalimiki isipokuwa kwa nadra sana. Pasipo mlipuko, Rwanda iliwachanja wajawazito Zabdeno/Mvabea katika utafiti maalumu ulioitwa Ingabo, yaani ngao, kwa hiyo huko ndiko ningeelekea kwa mama asiye na haraka.

Watoto: zote mbili zinaruhusiwa kuanzia mwaka 1. Hapa tofauti ya kingamwili ni ndogo, na kama familia imetulia mahali pamoja na kliniki inawafuatilia, sindano mbili zinafaa bila wasiwasi.

Ndugu wa ughaibuni anayepanga safari ya kwenda Kivu au Equateur miezi mitatu mbele: swali lako la kwanza liwe ni ipi inayopatikana unapoishi, maana mara nyingi hutapewa zote mbili uchague. Ukipata zile za sindano mbili, maliza zote kabla ya kupanda ndege. Ukiwa ulizikamilisha zaidi ya miezi 4 iliyopita na sasa unaingia penye hatari, omba Zabdeno ya kuongeza nguvu.

Na dereva wangu? Nilimwambia Ervebo, siku anayorudi Dar na kujua lori linaingia gereji angalau siku tatu, kama ataipata kwa kibali cha wizara au mwajiri. Akaniuliza kama akishachanjwa anaweza kuendelea kula nyama ya porini njiani na kuwapa watu lifti bila hofu. Nikamwambia chanjo haioshi mikono, na lifti ampe mtu asiyetapika. Akacheka, kisha akaniuliza tena taratibu: "Na utingo wangu je, dada? Ana miaka kumi na tisa, na yai likimgusa tu anavimba uso." Nikamwambia basi jibu lake ni lilelile, Ervebo, ila kwanza amuulize kama anakula wali bila shida.